Mtu wa Mkono

Kwenye mjengo kuna watu wawili tu, wengine ni wageni. Kuna fundi na kuna mtu wa mkono. Fundi ndiye anashika mwiko. Mtu wa mkono anachanganya mota ya simiti na mchanga, anajaza karai, anapanda ngazi, anashuka, na anaitwa "wewe". Sijui nani aligawa haya majina, maana ukifikiria vizuri, mwenye kazi ya mkono ni fundi, na kazi ya yule mwingine ni ya mgongo. Lakini ndivyo tunavyoitana hapa Kitengela, na ndivyo nilivyomwita Mugure miaka saba. Mkono wangu ako wapi? Mkono wangu leo amechelewa.

Mimi ni Masila, fundi wa plasta, miaka thelathini na moja kwa hii kazi. Watu wananijua kwa kuta zangu na kwa mdomo wangu, na kwa mdomo sijawahi kumwomba mtu msamaha. Lakini hii si habari yangu, ni ya Mugure. Mtaniona nikijipenyeza ndani yake kila mahali, kwa sababu nilikuwepo, na nawaambia mapema kwamba hakuna mahali nimetoka vizuri sana.

Mugure ni mtu wa Entarara, kule chini ya Loitokitok, kwao wanalima nyanya na vitunguu. Alikuja Kitengela na watoto wawili na bila mume, na sijawahi kumuuliza mume alibaki wapi. Ni mrefu, mwembamba, si mtu wa maneno. Siku ya kwanza alisimama kwenye geti la mjengo saa kumi na mbili asubuhi na vijana wengine ishirini, nikamwona, nikacheka. Nikamwambia, mama, hapa hatupiki chai. Akasema, "Sijakuja kupika." Nikamchukua nione atafika saa ngapi. Jioni vijana wawili walikuwa wametoroka na yeye alikuwa bado anapanda ngazi na karai kichwani, na hakumwaga hata tone.

Alikuwa na tabia moja iliyonikasirisha. Alikuwa anaangalia. Mtu wa mkono akishaweka mota anashuka kuleta nyingine, lakini huyu alikuwa anabaki hapo kidogo na karai tupu, macho kwa mkono wangu. Namwambia, wewe, mota inaisha, huoni? Anashuka. Kesho yake tena. Na kila mwaka, mara moja, alikuwa ananiambia, "Fundi, nifundishe kurusha mota ukutani." Na kila mwaka nilikuwa namjibu, "Nikikufundisha, nani ataniletea mota?" Watu wanacheka. Na yeye anacheka, kisha anaokota karai lake.

Sasa, mwaka huu tulikuwa tunajenga kwa Safiyo, ambaye sisi tunamwita Mama Nasro, nyumba ya gorofa mbili huko nyuma ya mtaa wa Yukos. Mama Nasro ananunua mbuzi kule soko ya Bisil na kuuza Nairobi, na anajua mbuzi kuliko mbuzi anavyojijua. Msimamizi wetu alikuwa Kiama. Kabla hatujamaliza gorofa ya kwanza, Kiama akatuambia Mama Nasro anataka kujenga maduka Bisil, kazi ya mwaka mzima, na kwamba yeye Kiama atatoka na fundi mmoja tu wa plasta hapa. Wengine atawapata huko. Mmoja tu. Hiyo kazi niliitaka, sitaficha. Kwa umri wangu, mwaka mzima wa kazi mahali pamoja si kitu kinachokuja mara mbili.

Lakini nilikuwa na bega. Mwezi wa pili nilijinyoosha kuvuta ubao uliokuwa juu, kitu kikakatika ndani ya bega la kulia, na tangu siku hiyo mkono ukawa unapanda mpaka kifuani na hapo unakataa. Daktari akaniambia nipumzike miezi sita. Nikamuuliza kama yeye hupumzika miezi sita. Chini ya kifua nilikuwa Masila yule yule. Juu ya kifua sikuwa mtu. Ungesema niinue jukwaa, lakini ukiliinua sana kichwa kinagonga slabu ya juu, na bado sehemu ya mwisho inabaki juu yako. Wanasema ujuzi hauzeeki. Aliyesema hivyo hakuwa na bega. Ujuzi ulikuwepo wote, najua kila ukuta unataka nini, ila njia ya kuufikia ilikuwa imefungwa.

Kiama hakujua. Nilihakikisha hajui. Yeye alikuwa na mijengo miwili, kwa hivyo kwetu alikuwa anapita asubuhi na saa nane, na mimi nilikuwa nafanya sehemu za chini kila chumba, nikisema juu bado mawe hayajanywa maji vizuri. Siku tatu nilisema hivyo. Siku ya nne Mugure akaweka karai chini, akaniangalia.

"Fundi, huwezi kuinua mkono."

"Nani amekuuliza?"

"Hakuna. Kiama anakuja saa nane. Nipe mwiko nimalizie huku juu."

Ndivyo nilivyompa mwiko. Si kwa roho nzuri. Nilimnyima miaka saba nikiwa mzima, nikampa siku nilipokuwa sina la kufanya.

Akarusha. Mota yote ikamrudia kichwani. Akarusha tena, ikaanguka chini. Alikuwa anarusha kwa mwili mzima, kuanzia kisigino, shingo imekauka, utadhani plasta amewekewa yeye hospitalini. Nikamwambia, legeza mkono. Akalegeza, mwiko ukaanguka. Nikamwambia, shika mwiko. Akaushika mpaka vidole vikawa vyeupe, mota ikaruka mpaka dirishani.

"Sasa nilegeze ama nishike?"

Nikachukua mwiko kutoka kwake, nikachota mota.

"Fanya hivi," nikasema, na nikarusha moja pale chini kwenye mkono wangu unafika. Ikalala.

"Hivi vipi? Kinaanza kiwiko ama kifundo cha mkono?"

Swali la haki. Nikachota nyingine na nikauangalia mkono wangu mwenyewe nione kinaanza nini. Jamani, mota iliteleza ikaniangukia kwa kiatu. Miaka thelathini na moja. Nikarudia, nikiangalia, ikaanguka tena. Ule mkono ulikuwa haujazoea kuangaliwa na mwenyewe, ukaona haya. Alasiri hiyo nzima sikufanya kazi ya maana, na nilimlaumu Mugure kwa sauti, kwa sababu sikutaka kukubali nilichokiona: kwamba ile kazi ninayojivunia sikuwa naijua mimi. Mkono ndio ulikuwa unaijua, na haukuwahi kuniambia.

Wiki mbili tulihangaika. Kiama akitoka, Mugure anapanda. Nilijaribu kila maneno. Nikamwambia usiangalie mwiko, angalia mahali mota inaenda kulala. Hilo lilisaidia kidogo. Lakini bado ilikuwa inaanguka nusu, na sehemu za juu nilikuwa nazimalizia mwenyewe kwa kuusukuma mkono wa kulia na ule mwingine, machozi yananitoka kwa maumivu. Nilianza kusema moyoni kwamba huyu mama hatawahi. Kuna watu mikono yao imeumbwa kubeba tu.

Kisha siku moja nilikuwa nimekaa kwa mawe nakula githeri, na yeye anachanganya mota pale chini. Alikuwa anaigeuza kwa sepetu, anachota, anatupia ndani ya karai. Kulikuwa na kitu kwa ule mkono. Kabla ya kuachilia, kifundo kinageuka kidogo, kama mtu anayefungua mlango, na mota inaondoka kwa sepetu bila kubaki. Nikaacha kutafuna. Huo ulikuwa mkono wangu. Nilikuwa nauona kwa mtu mwingine, kamili, na niliuona kushoto.

Nikamwita. "Mugure, wewe ni mashoto?"

Akaangalia chini, utadhani nimemuuliza kama ameiba. "Nilikuwa."

"Ulikuwa vipi? Mtu anaachaje?"

Akaniambia kwamba alipokuwa mdogo, akishika kijiko na kushoto mama yake alikuwa anamchapa hicho kiganja na mwiko wa ugali. Hata salamu, hata kupokea kitu kwa mgeni. Shuleni vivyo hivyo, mwalimu na rula. Akaacha. Anakula na kulia, anaandika na kulia. "Sepetu tu ndiyo hakuna mtu aliwahi kunichapia," akasema.

"Na mbona mwiko wangu ulishika na kulia?"

"Ulinipa na kulia, fundi. Nikapokea na kulia."

Fikiria ujinga wangu. Na si hiyo tu. Miaka saba amesimama mbele yangu na karai, ananiangalia uso kwa uso. Mkono wangu wa kulia kwake uko upande wa kushoto. Alikuwa amejifunza kila kitu kwa huo upande, polepole, bila mtu kumwambia, halafu mimi mwenye kujua nikamlazimisha autumie mwingine. Mwiko wa jikoni ulimnyima huo mkono, na mwiko wa mjengo nusura umnyime mara ya pili.

Nikamwambia abadilishe. Akaangalia nyuma, kama vile mama yake angetokea kwa ngazi. Akachota na kushoto, akarusha, mota ikalala ukutani ikatulia. Hakuna hata tone lililoanguka. Mugure alishtuka hadi ya pili ikamwangukia, lakini mimi nilikuwa nimeshaona. Nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi kuliko siku nilipomaliza ukuta wangu wa kwanza, na nikaficha kwa kumwambia asimwage simiti ya wenyewe.

Baada ya hapo mambo yalienda mbio, lakini si kwa njia ningeitabiri. Jioni anashindwa na kona, anakasirika, anaenda nyumbani. Asubuhi anakuja, anarusha, kona inakubali. Hakuna aliyemfundisha usiku. Nilikumbuka hata mimi nikiwa kijana ilikuwa hivyo, kitu kinakukataa Jumamosi, Jumatatu kinakuja chenyewe. Na nikagundua kingine. Mugure alikuwa anafanya vizuri zaidi akiwa na simu masikioni, anagombana na broka aliyekuwa anamdanganya kaka yake bei ya nyanya. Anafoka kwa Kikuyu, mkono unakwenda peke yake, ukuta unajaa. Siku moja nikamsifu katikati ya hizo kelele. Akanyamaza, akaangalia mkono wake, na mota ikaanguka mara tatu mfululizo. Nikaacha kumsifu. Kusema kweli hilo halikunipa shida.

Kufika mwezi wa tano, sehemu zote za juu za gorofa ya pili zilikuwa zake. Mimi chini, yeye juu, na Kiama akija anatukuta kila mtu mahali pake, mwiko kwangu, karai kwake.

Lakini ukuta unasema. Ukishapiga plasta na kuivuta na ubao mrefu, unaisugua na kibao kwa kuzungusha, na zile alama za mviringo zinabaki kidogo mpaka rangi ipakwe. Za mtu wa kulia zinalala upande mmoja, za mashoto zinalala mwingine. Watu hawaoni. Kiama aliona. Ilikuwa Jumatano, siku hiyo alichelewa kupita, jua la saa kumi linaingia kwa dirisha likiwa limeinama, akasimama katikati ya chumba, akainua kichwa.

"Masila, huku juu kumesuguliwa na mashoto."

Mugure alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, karai kichwani. Nilikuwa na nafasi ya kusema kitu kimoja cha kweli. Badala yake mdomo ulirusha wenyewe, safi, bila kumwaga.

"Ni mimi. Bega la kulia linanisumbua kidogo, nikahamia kushoto."

Kiama alicheka kwa furaha. "Mzee wa mikono miwili! Basi wewe ndio naenda na wewe Bisil. Jumamosi Mama Nasro anakuja kuona kazi, nitamwambia mbele yako." Akanipiga bega, lile bovu, nikatabasamu.

Mugure aliweka mota karibu nami, mahali pake, akashuka. Kiama alipoondoka nilingoja apande kumalizia kule juu kwa ukuta wa ngazi ya nyumba. Hakupanda. Nikamwita. Nikaita tena.

"Malizia na huo mkono wako wa kushoto, fundi," akasema kutoka chini. Hakupaza sauti. Aliendelea kugeuza mota.

Basi kwa hasira nikajaribu. Nikashika mwiko na kushoto, nikarusha, ikaniingia machoni. Nikarudia mpaka nikachoka. Miaka thelathini na moja ndani ya mkono mmoja, na ule mwingine, ndugu yake wa tumbo moja, hakuwa amesikia hata neno. Nikakaa juu ya jukwaa na macho yananiwasha. Kwanza niliogopa, kwa sababu nilijua Bisil bila Mugure nitaumbuka wiki ya kwanza. Aibu ilikuja baadaye, na ilipokuja ilikaa. Alhamisi na Ijumaa Mugure alileta mota vizuri kama kawaida, na mimi nilikuwa siwezi kumwangalia.

Jumamosi Mama Nasro akaja. Yeye hatazami ukuta tu. Anaupapasa kwa kiganja wazi, polepole, vile anavyopapasa mgongo wa mbuzi sokoni kabla ya kutaja bei. Alipapasa chini, akapanda jukwaani, akapapasa juu.

"Huku juu ni laini kuliko chini," akasema. "Ni nani?"

Chini ilikuwa yangu. Niliisikia hiyo vizuri.

"Ni huyu mzee wetu, Masila," Kiama akasema. "Ndiye nataka twende naye Bisil."

"Si mimi," nikasema. "Ni Mugure."

"Mugure nani?" Kiama akauliza.

Miezi mitano kwa huo mjengo. Nikamwonyesha kwa kidole. Kiama akageuka, akamtazama Mugure na karai lake, akarudi kwangu. "Huyo mtu wa mkono? Masila, bega limepanda kichwani?"

Nikamweleza yote, bega, siku tatu za uongo, uongo wa Jumatano. Niliongea haraka ili nisipate nafasi ya kujipunguzia. Kiama alikasirika, na alikuwa na haki. Mama Nasro hakukasirika. Alionyesha ukuta wa ngazi, ule uliobaki tangu Jumatano, wazi kutoka kifuani mpaka slabu na kona yake ya juu.

"Arushe nione," akasema. "Akiweza ndiye ataenda Bisil. Asipoweza, Kiama, utatafuta mwingine huko, huyu mzee simtaki."

Mugure akapanda. Mafundi wote wakaja kusimama. Hata askari wa geti, yule Mmaasai anayenisalimia "sopa" kila asubuhi na kukataa kunifungulia nikichelewa, aliacha geti akaja. Mugure akashika mwiko na kushoto. Nilimwona akiuangalia. Nikajua imeharibika kabla hajarusha. Ikaanguka. Ya pili ikaanguka. Shingo ilikuwa imekauka kama siku ya kwanza. Fundi mmoja akacheka kwa pua.

"Mugure," nikasema, "nyanya za Entarara ziko aje siku hizi?"

"Sijui," akasema, macho kwa mwiko. Ya tatu ikaanguka.

Kiama akakunja mikono. "Hii ni mchezo."

Hapo nikajua la kufanya, na sikulipenda. Nikasema kwa sauti ya wote kusikia, "Kiama, uko na haki. Nilikosea. Huyu ni mtu wa mkono tu. Shuka, mama, uende uchanganye mota, hiyo ndiyo unajua."

Akageuka akaniangalia. Miaka saba sikuwahi kuangaliwa hivyo na yeye.

"Mtu wa mkono?"

Akachota bila kutazama karai.

"Miaka saba, Masila." Hakusema fundi, hakusema mzee. Mota ikalala. "Miaka saba nakuomba, na kila mwaka unacheka na watu." Ikalala. "Nikicheka na mimi, ulifikiri ninafurahi?" Ikalala nyingine juu yake.

Kiama alitaka kusema kitu. Mama Nasro akamzuia kwa kidole.

"Siku ngazi iliteleza nikaanguka na karai, uliuliza nini? Uliuliza kama mota imemwagika." Kweli. Nakumbuka, niliuliza hivyo. "Watoto wangu wawili, niambie majina yao. Hujui. Miaka saba." Kweli, nilikuwa najua moja tu. "Jumatano umesema ni wewe, na mimi nimesimama hapo. Ungeniua ingekuwa afadhali." Kweli. Kila neno lilikuwa kweli na kila neno lilikwenda na mwiko, na ukuta ulikuwa unapanda, mweusi, umelowa, sawasawa, bila tone moja chini. Alikuwa ameshasahau kwamba ana mkono. Kiama alikuwa ametoa kitabu chake cha kuandika wafanyakazi na anamuuliza fundi mmoja, kwa sauti ya chini, Mugure anaandikwaje.

Kisha akasema la mwisho. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na hilo lilikuwa baya zaidi ya kufoka.

"Na mama yangu alipokufa. Mafundi wote walikuja Entarara. Wote. Wewe ukasema uko na ukuta wa kumaliza. Ukarudi kunigombeza Jumatatu kwa sababu ya mota. Hata pole hukuniambia, Masila. Hata kwa mama yangu."

Watu wakaniangalia. Askari akatema mate pembeni.

Hilo halikuwa kweli. Ni kweli nilisema niko na ukuta, na walipoondoka nilishinda mbele ya huo ukuta siku nzima bila kurusha kitu. Asubuhi yake nikapanda gari mpaka Emali, nikachukua lingine mpaka Loitokitok, nikafika Entarara na pikipiki, siku moja baada ya maziko. Nilikuta kaburi bichi na maua, na boma zima limelala kwa uchovu. Jirani mmoja, mama mmoja anaitwa Wathome, alinipa chai nikiwa nimesimama kwenye ua. Akaniuliza amwamshe Mugure. Nikaona haya, mtu gani anakuja matangani watu wakishamaliza kuzika, nikamwambia asimwamshe. Nikarudi. Jumatatu sikujua nimwambie nini, nikamgombeza kwa sababu ya mota.

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na jina la shahidi. Lilikuwa limefika kwa ulimi, na nilitamani kulisema kuliko nilivyoitaka ile kazi ya Bisil, kwa sababu kila mtu pale alikuwa ananiona mbwa, na yeye zaidi ya wote. Lakini ningesema neno moja angesimama asikilize, na akisimama angeuona mkono wake.

Nikainamisha kichwa, nikanyamaza, kwa sababu ile kona ya juu ilikuwa bado.